Chumba Kimoja au Avenyu Nzima?



Leo hatusemi juu ya mishahara wala juu ya kodi. Tunasema juu ya moto. Kila mtu anayekaa Kadutu, Ibanda au Bagira anaijua ile kelele ya usiku. Kwanza sufuria zinapigwa. Kisha wanawake wanaita majina ya watoto wao. Kisha mabati yanaanza kulia kwa joto, na watu wa kilima cha pili wanatoka nje kuhesabu: ni Nyamugo? Ni Nkafu? Ni Essence? Ni Panzi? Kesho yake tunakwenda kutazama. Tunakuta majivu, misumari, mabati yaliyokunjamana kama karatasi, na mzee mmoja aliyekaa juu ya jiwe pale ulipokuwa mlango wake.

Tunatoa pole. Tunachanga nguo na unga. Kisha, kabla majivu hayajapoa vizuri, tunasikia nyundo. Mbao mpya zinapigiliwa mahali pale pale, ukuta juu ya ukuta, paa juu ya paa, kama zamani. Wiki chache zikipita avenyu imesimama tena, tayari kuungua mara ya pili.

Juu ya nyundo hizo ndiyo tunataka kusema nanyi leo, bila kumficha mtu.

Watu wengi wakiona moto wanauliza: nani aliuwasha? Mmoja anasema mama fulani aliacha mbabula inawaka. Mwingine anasema mtoto alisahau mshumaa. Mwingine anasema ni waya wa umeme uliounganishwa kwa siri. Na hawakosi wale wanaonong'ona kwamba ni uchawi, au ni mkono wa adui. Tunatafuta mtu wa kubeba lawama, tukimpata tunatulia.

Ndugu, swali hilo ni dogo. Mbabula iliyopinduka huchoma nyumba moja. Haina nguvu ya kuchoma nyumba sitini. Nyumba ya kwanza inachomwa na mbabula, lakini nyumba ya pili inachomwa na ukuta wa ile ya kwanza, na ya tatu inachomwa na paa la ile ya pili. Avenyu nzima inaungua kwa sababu hakuna mahali patupu pa kuuzuia moto. Basi tuulize swali kubwa: nani aliujengea moto daraja? Jibu ni chungu. Ni sisi, kwa mikono yetu wenyewe, chumba baada ya chumba.

Tutazame moto unavyotembea. Ukuta wa mbao ukiwaka, joto lake huruka mpaka ukuta wa jirani kabla ya ndimi zenyewe kufika. Mbao za jirani hukauka, hutoa moshi, kisha huwaka bila kuguswa. Kama kati ya kuta mbili kuna nafasi ya mkono mmoja tu, kazi hiyo huchukua muda mfupi sana. Kama kuna hatua kadhaa za udongo mtupu, joto linapungua, na watu wanapata muda wa kulowesha ukuta na kutoa watoto. Halafu cheche: upepo wa ziwa unazichukua na kuzitupa mbali, na zikikuta takataka kavu, gunia la makala chini ya paa, au nguo zilizoanikwa, moto unazaa mtoto upande wa pili.

Tena mji wetu ni wa milima. Hapa nyumba zinapandana kama ngazi, sakafu ya mmoja iko sawa na paa la mwenzake. Wanaochunguza moto wa nyasi wamepima kwamba mteremko ukiinuka kwa digrii 10, mwendo wa moto unaopanda huwa kama mara mbili. Sababu yake si siri: ndimi za moto zinainama kuelekea juu, zinakausha kilicho mbele yake kabla ya kukila. Kwa hiyo anayekaa juu asijidanganye kwamba moto wa chini ni wa watu wa chini. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Elimu hii si mpya kwetu. Babu zetu wa Kabare na Walungu waliijua kabla ya shule yoyote. Mkulima akitaka kuchoma shamba wakati wa kiangazi, haanzi kwa kuwasha. Anaanza kwa jembe. Anazunguka shamba lake, anang'oa nyasi kwenye ukanda wa hatua kadhaa mpaka udongo uonekane, na hapo ndipo anawasha, akiwa na ndugu zake wenye matawi mabichi mikononi. Moto ukifika kwenye udongo mtupu, unakufa. Mkulima asiyekata ukanda huo, na moto wake ukavuka ukala migomba ya jirani, anaitwa mbele ya wazee naye analipa. Hata wazima moto wa misitu katika nchi zenye ndege na mashine hawategemei maji peke yake. Wanakata ukanda, wanaunyima moto chakula.

Tulipohamia mjini, ukanda ule tuliuacha kijijini. Mjini hakuna aliyeitwa mbele ya wazee kwa kuziba njia kwa mbao.

Tusijilaumu kupita haki. Msongamano huu una historia yake. Mji huu, ambao Wabelgiji waliuita Costermansville mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950, haukupangwa kwa ajili ya watu wengi kama tulivyo leo. Wakati wa uhuru, mwaka 1960, wakaaji wake hawakufika laki moja. Leo wanahesabiwa kuwa zaidi ya milioni moja. Milima haikuongezeka, wala rasi tano zinazoingia ziwani hazikuongezeka. Vita vya 1996 na 1998, na mauaji yaliyofuata vijijini, viliwasukuma watu kutoka Walungu, Kabare, Kalehe, Mwenga na Shabunda. Mtu aliyekimbia risasi akiwa na watoto watano hakuuliza kama nafasi kati ya nyumba inatosha. Alitafuta mbao, mabati na kipande cha mteremko. Mbao ni nyepesi kubeba, zinasimama hata mahali ambapo matofali yangeteremka na udongo, na zinang'olewa upesi mwenye kiwanja akikufukuza. Kwa maskini mbao zilikuwa akili, si ujinga.

Lakini tukumbuke jambo moja la wakoloni, maana lina fundisho ndani yake. Katika miji yao mikubwa, kama Léopoldville na Élisabethville, ambayo leo ni Kinshasa na Lubumbashi, waliacha ukanda mtupu kati ya mji wa wazungu na mji wa weusi. Walisema ni kwa ajili ya afya, ili mbu na magonjwa yasivuke. Mweusi alipouvuka usiku, alidaiwa karatasi. Kwa hiyo waliijua vizuri thamani ya ardhi tupu, lakini waliitumia kulinda mtu na mtu mwenzake. Mwaka 1952 waliunda Ofisi ya Miji ya Waafrika, iliyojenga nyumba za kudumu zenye viwanja katika miji kadhaa, na hapa kwetu ilijenga Bagira. Kazi hiyo ilikuja kwa kuchelewa, na haikutosha hata kwa watu wa siku zile.

Sisi wana wa nchi tuliyoipigania tunaweza kufanya kinyume chao. Tuache ukanda kati ya nyumba na nyumba zetu wenyewe, si kwa kutenganisha watu, bali ili watu wapone. Mtu huru ni yule anayepanga mahali anapolala, bila kungoja apangiwe.

Sasa tufike kwenye fundo lenyewe. Baada ya moto, mwenye nyumba iliyo katikati ya avenyu anaambiwa: ndugu, usijenge tena chumba kile cha pembeni, acha ipite njia. Naye anajibu, tena anajibu kwa haki: chumba kile kilikuwa na mpangaji. Kodi yake ndiyo inalipa shule ya watoto wangu. Mbona niwe mimi peke yangu wa kutoa, na avenyu nzima ipone kwa chumba changu?

Mtu huyu asitukanwe. Hoja yake ni ya kweli, na wakubwa kuliko sisi ilikwisha kuwashinda. Tarehe 2 Septemba 1666 moto ulianza usiku katika nyumba ya mwoka mikate huko London, katika njia nyembamba iitwayo Pudding Lane. Nyumba zilikuwa za mbao, zikielemeana juu ya vichochoro, kama kwetu. Watu wa kazi walitaka kubomoa nyumba chache zilizo mbele ya moto, wakate njia yake. Meya wa mji akasita. Alijiuliza: nyumba hizi nikizibomoa, nani atawalipa wenyewe? Alipokuwa akisita, moto ulikula. Ulikula siku nne, na nyumba zaidi ya 13,000 ziliteketea. Mwishoni upepo ulipungua, na watu walibomoa nyumba nyingi, nyingine kwa baruti, kile kitu ambacho ninyi wachimbaji mnakijua. Walifanya siku ya tatu, kwa mamia ya nyumba, kazi ambayo siku ya kwanza ingehitaji nyumba chache. Mwaka uliofuata, 1667, ikatoka sheria ya kujenga kwa matofali au mawe.

Swali la meya yule halikuwa la kipumbavu. Kosa lake ni kulikumbuka wakati moto umekwisha kuwaka. Nani atalipa? Hilo ni swali la kujibiwa mchana, watu wakiwa wamekaa, kabla ya siku ya kilio.

Sisi ni makarani, kazi yetu ni hesabu, basi tuhesabu. Tuseme avenyu ina nyumba 40. Tuseme njia ya kuuzuia moto, pana hatua tatu au nne, inakata vyumba viwili tu. Tuseme kila chumba kilimpa mwenyewe dolari 12 kwa mwezi. Vyumba viwili ni dolari 24. Gawanya kwa nyumba 40: kila nyumba itatoa senti 60 za dolari kwa mwezi. Senti 60! Haifiki bei ya chupa moja ya bia. Kwa senti hizo wenzetu wawili hawatapata hasara, na nyumba 40 zitakuwa mbili mbili: moto ukianza upande huu, upande ule unalala salama na unaleta msaada.

Hatusemi kila avenyu itakuwa na hesabu hii hii. Pengine ni vyumba vitatu, pengine ni jiko moja na choo. Lakini njia ya kuhesabu ni hiyo. Sisi tunajua likelemba. Tunajua kuchangia maiti, kuchangia arusi, kuchangia mgonjwa aliyezuiliwa hospitalini kwa deni. Je, tutashindwa kuchangia ukanda wa udongo unaolinda yote hayo? Hasara ya wote isibebwe na mmoja. Avenyu inayomwomba mtu chumba chake bila kumlipa inamwibia. Na mtu anayelipwa kwa haki akakataa bado, huyo tumwite mbele ya wazee, kama mkulima yule.

Tunasikia sauti ya pili, nayo ni ya woga. Watu wanasema: mkianza kuzungumza habari za njia na nafasi, wakubwa watasikia, watakuja na karatasi zao, wataandika alama nyekundu kwenye kuta, watabomoa, na viwanja vyetu vitakwenda kwa matajiri. Ndugu, woga huo haukutoka hewani. Katika mji huu maskini amefukuzwa mara nyingi kwa jina la usafi na la mpango mzuri, na mahali pake pakaota ghorofa la mtu mwingine. Wanaotawala mji wamebadilika mara nyingi, lakini desturi hiyo imekuwa ikirithiwa.

Kwa sababu hiyo hiyo tunasema: tuikate njia wenyewe, kabla hatujakatiwa. Avenyu iliyokaa, ikapima, ikaandika katika daftari jina la kila aliyetoa na kila aliyelipwa, ikatia sahihi mbele ya mkubwa wa avenyu, hiyo ina neno la kusema mbele ya ofisi yoyote. Avenyu iliyofungana kama magunia ya makala haina neno. Siku ya moto itatawanyika, na siku ya kurudi itakuta mtu mwingine amekwisha kuweka mawe ya mpaka.

Wenzetu wa mgodini, kwenu tuna mfano wa kazi yenu. Tarehe 8 Agosti 1956, huko Marcinelle katika Ubelgiji, kwenye mgodi wa makaa ya mawe wa Bois du Cazier, watu 275 walishuka asubuhi. Waliokufa ni 262, na wengi wao walikuwa Waitalia waliokuja kutafuta mkate. Wagoni moja haikuingia vizuri ndani ya kizimba cha kupandishia. Kizimba kilipopanda, wagoni ile iligonga, ikakata bomba la mafuta na nyaya za umeme zilizopita mahali pamoja. Mafuta na cheche vilikutana. Wengi waliuawa na moshi bila kuguswa na moto wenyewe. Kosa la dakika moja hufanywa kila siku, mahali pote. Lakini mahali palipoweka mafuta kando ya umeme, na kando ya miti, kosa dogo liligeuka kuwa kaburi la watu 262.

Sasa tazama nyumba zetu. Waya uliochubuka unapita juu ya mbao. Chini ya mbao kuna gunia la makala. Kando ya makala kuna bidoni ya esanse ya kijana anayeuza kwa chupa barabarani, yule tunayemwita Kadhafi. Kando ya bidoni analala mtoto. Kwa nini tunashangaa?

Juu ya esanse hatuna haja ya kwenda mbali. Tarehe 2 Julai 2010, katika Sange, njiani kati ya Bukavu na Uvira, lori lililobeba esanse lilipinduka katikati ya makazi. Watu walikuja na sufuria na mabeseni kuchota. Wengine hawakuchota kitu, walikuwa wamekaa ndani wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto ulipolipuka haukuwachagua. Waliokufa walizidi 230, wanawake na watoto wakiwa wengi, na nyumba za kando ya njia ziliteketea. Hatuwacheki waliochota. Anayelala njaa akiona mali inamwagika chini, mikono yake inatangulia akili. Lakini tangu siku ile hakuna mtu wa Kivu awezaye kusema hakujua. Kijana wa esanse apewe mahali pake nje ya makazi, mbali na moto wa kupikia, naye aendelee kupata riziki. Kumfukuza bila kumpa mahali ni kumrudisha alale juu ya bidoni yake.

Je, tunasema kazi yote ni ya maskini, na serikali ikae? Hapana! Anayetoza kodi anadaiwa ulinzi. Sisi tunakaa juu ya ziwa kubwa, tunaliona kila asubuhi, lakini juu Kadutu mama anangoja bomba usiku kucha. Maji ya kuzima moto hayawezi kutoka katika bomba kavu. Maporomoko ya Ruzizi yanatoa umeme, lakini umeme unaokatika na kurudi ghafula, katika nyaya zilizofungwa kwa nailoni, unakuwa mchokozi wa moto. Na ukikatika, mishumaa inarudi juu ya masanduku ya mbao. Tunadai maji yenye nguvu kwenye milima, si ufukoni tu. Tunadai nyaya zitengenezwe na fundi wa kweli, na mwenye nyumba maskini asiachiwe waya wa kuiba kama njia yake ya pekee. Tunadai magari ya kuzima moto yanayotosha mji wa watu milioni, pamoja na watu waliofunzwa kazi hiyo. Tunadai viwanja halali, maana mtu hajengi kwa matofali juu ya ardhi anayoweza kunyang'anywa kesho.

Lakini tuseme ukweli mpaka mwisho. Hata gari jipya likija leo usiku, litasimama barabarani. Litapiga king'ora chini, na nyumba zitaungua juu. Halina pa kupita. Wazima moto watavuta mpira wao katika kichochoro ambacho watu wawili hawapishani, na watu wenye magodoro kichwani wanateremka. Kwa hiyo njia tunayoidai kwa ajili ya kuuzuia moto ndiyo hiyo hiyo ya kuuletea maji, ya kutoa mgonjwa, ya kupitisha jeneza kwa heshima. Serikali isipoleta gari, njia itatusaidia. Ikileta gari bila njia, gari halitatusaidia.

Basi tufanye nini? Tunasema machache, yanayowezekana.

Kwanza, kila avenyu ichague watu watano, wanawake wasikose, maana ndio wanaojua jiko la nani liko wapi. Watembee nyumba kwa nyumba na kamba yenye mafundo, fundo moja kila hatua. Wapime mahali ambapo moto ungeweza kukatwa. Waandike.

Pili, avenyu ikae ikubaliane juu ya malipo kabla ya kiangazi, si baada ya msiba. Na mahali palipokwisha kuungua, nyundo isipigwe mpaka njia imepimwa. Siku chache za kungoja chini ya turubali la jirani ni ngumu, tunajua. Kuungua mara ya pili ni kugumu zaidi.

Tatu, kila nyumba iweke bidoni moja ya maji ya lita 20 karibu na mlango, isiguswe kwa kufua wala kupika. Nyumba 40 ni lita 800, tayari katika dakika ya kwanza, kabla mtu hajakimbia kutafuta bomba. Pamoja nayo iwekwe ndoo ya mchanga. Moto wa esanse au wa mafuta usimwagiwe maji, maana utasambaa. Ufunikwe kwa mchanga au blanketi lililoloweshwa. Na palipo na umeme, kwanza ukatwe.

Nne, magunia ya makala yatoke chini ya paa la chumba cha kulala. Majivu ya mbabula yasimwagwe yakiwa hayajafa. Mtoto asifungiwe kwa kufuli ndani ya nyumba ya mbao wakati mama amekwenda sokoni. Jambo hili la mwisho linatuumiza kulisema, kwa sababu mama hafungi kwa ubaya, anafunga kwa woga wa wezi. Basi mtoto abaki kwa jirani. Jirani ni nani, kama si huyo?

Tano, wenye nyumba kwenye kingo za mji, karibu na nyasi na mikaratusi, wafyeke kabla ya mwezi wa sita, na wanaochoma mashamba juu ya vilima waarifu watu wa chini.

Tunamaliza na ninyi, wachimbaji. Wengi wenu mko Kamituga, mko Twangiza, mko mbali zaidi, na wake zenu na watoto wenu wako hapa katika nyumba za mbao. Kutoka Kamituga mpaka hapa ni kilomita kama 180 za matope. Habari ya moto itakufikia kwa simu usiku, nawe hutafika kesho, pengine hata kesho kutwa. Siku hiyo mkono wa kumtoa mtoto wako hautakuwa wako. Utakuwa wa jirani. Je, jirani huyo atakuwa na njia ya kupita?

Mgodini mnaacha nguzo ya mwamba isichimbwe, hata kama ndani yake dhahabu inang'aa. Mchimbaji mpya huona huo ni ujinga, lakini mzee anajua kwamba nguzo ile ndiyo inayomrudisha nyumbani. Chumba kimoja tunachokiacha wazi katikati ya avenyu ni nguzo ya namna hiyo.

Wahenga walisema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Moto huunganisha vijinga vyake bila mkutano wala hotuba. Jumapili hii, baada ya misa na ibada, na kwa Waislamu baada ya sala ya alasiri, chukueni kamba mkapime. Mtakaokuwa mmepima, mtuletee hesabu zenu, nasi tutazitangaza hapa ili avenyu nyingine zione aibu zifuate.

Karani wa mgodi, Bukavu